Petrosino, kachero aliyeponzwa na midomo ya wengine

Jumatatu ya tarehe 12 Aprili mwaka 1909, kazi nyingi zilisimama katika jiji la New York. Wakuu wa jiji walikuwa wametangaza mapumziko ili watu wapate kumzika askari polisi mmoja. Watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili walijipanga kandokando ya barabara, wengine juu ya mapaa, kulitazama jeneza likipita. Marehemu hakuwa jenerali wala tajiri wala mwanasiasa. Alikuwa luteni wa polisi, mwana wa fundi cherehani, ambaye katika ujana wake aliajiriwa kufagia barabara za jiji hilo hilo.

Jina lake lilikuwa Giuseppe Petrosino, ila Wamarekani walimwita Joe. Nimesoma habari za makachero wengi, wa kweli na wa hadithini, lakini huyu ndiye ambaye kifo chake hunitia uchungu kila ninapokumbuka jinsi kilivyokuja. Maana maisha yake yote alipigana na watu waliokataa kusema, na mwisho akauawa kwa sababu ya watu walioshindwa kunyamaza.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti mwaka 1860 katika mji mdogo wa Padula, kusini mwa Italia. Alikuwa bado mtoto babake alipoihamisha jamaa yake na kwenda kutafuta riziki Marekani. Kama watoto wengi wa wahamiaji, Joe alianza maisha kwa kupiga viatu rangi. Mahali alipoweka sanduku lake la brashi palikuwa mbele ya makao makuu ya polisi, katika barabara ya Mulberry. Baadaye akaajiriwa katika idara ya usafi wa barabara, akapanda hata kuwa msimamizi. Huko ndiko afisa mmoja mkubwa wa polisi alikomwona, akapendezwa na jinsi alivyowaendesha watu wake.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Kijana huyu alikuwa mfupi mno, futi tano na inchi tatu tu, na sheria ya polisi ilitaka mtu mrefu kuliko hivyo. Lakini jiji lilikuwa likijaa Wataliano, na katika kikosi chote hapakuwa na watu wa kutosha wa kuwaelewa. Basi sheria ikafumbiwa macho, naye mwaka 1883 akavaa sare. Alikuwa na kifua kipana na shingo nene, na uso wenye alama za ndui. Nyumbani alipenda kupiga fidla na kusikiliza opera. Jambo hilo linanipendeza, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba mtu wa kazi hiyo hana nafasi ya muziki moyoni.

Polisi wa New York wakati huo walikuwa wengi wao Waairishi, na wengi hawakumpenda Mtaliano kati yao. Wataliano nao walimwona kuwa msaliti. Huko kusini mwa Italia walikotoka, polisi alikuwa mkono wa watawala wageni na wenye mashamba makubwa, na mtu mwenye heshima zake hakumwambia lolote, hata kama aliyeuawa ni ndugu yake. Kwa hiyo Petrosino alidharauliwa kazini, na akirudi mtaani alitukanwa. Hakuomba uhamisho. Alijifunza kujibadilisha: leo kibarua mwenye sururu, kesho mgonjwa, kesho kutwa mchuuzi mzee. Akaingia katika vilabu na mabweni ya wahamiaji, akasikiliza.

Theodore Roosevelt, kabla hajawa Rais wa Marekani, alikuwa mkuu wa halmashauri ya polisi wa New York. Yeye ndiye aliyempandisha Petrosino kuwa sajini mpelelezi mwaka 1895, nao wakawa marafiki. Kesi iliyomvumisha baada ya hapo ni ya Mtaliano mmoja aitwaye Angelo Carbone, aliyehukumiwa kufa katika kiti cha umeme kwa mauaji. Carbone alilia kwamba hakuua. Petrosino alimsadiki, akafuata nyayo mji hadi mji mpaka akamkamata muuaji mwenyewe huko Baltimore, na Carbone akaokolewa. Nionavyo mimi, hii ndiyo sifa kubwa zaidi katika maisha yake yote. Kumpeleka mtu kitanzini ni kazi ambayo makachero wengi wameiweza. Wanaorudi nyuma kumwokoa aliyekwisha kuhukumiwa, tena na wenzao wenyewe, ni haba.

Mwaka 1900 mfalme wa Italia, Umberto wa Kwanza, aliuawa na mtu aliyesafiri kutoka Marekani, na Petrosino akatumwa kujipenyeza miongoni mwa wenzake muuaji huyo katika jimbo la New Jersey. Alirudi na onyo kwamba Rais McKinley naye yumo hatarini. Onyo halikutiliwa maanani sana. Mwezi Septemba mwaka 1901 McKinley alipigwa risasi, akafa.

Lakini adui wake mkubwa alikuwa kitu kilichoitwa Mkono Mweusi. Watu walidhani ni chama kimoja chenye mkuu mmoja, nacho hakikuwa hivyo. Ilikuwa ni njia ya kula iliyotumiwa na magenge mengi. Mwokaji mikate, muuza matunda au fundi wa nyumba aliyefanikiwa kidogo alipata barua iliyochorwa jeneza, kisu, au mkono uliopakwa wino mweusi, ikimtaka alipe kiasi fulani cha fedha. Akikataa, duka lililipuliwa kwa baruti, ama mtoto wake alitekwa nyara. Wengi walilipa. Wachache walikwenda polisi, na wa kusimama kizimbani na kusema waliyoyaona walikuwa wachache zaidi.

Mfano ni ule wa mwezi Aprili mwaka 1903, mwanamke alipokuta pipa barabarani, na ndani yake maiti ya mwanamume aliyechomwa visu. Hakuna aliyemjua. Petrosino alichukua picha ya marehemu, akaenda nayo gereza la Sing Sing kumwonyesha mfungwa mmoja wa Kitaliano, naye mara moja akamtambua shemeji yake, Benedetto Madonia, mkazi wa mji wa Buffalo. Genge la Giuseppe Morello lilikamatwa. Kwa mmoja wao ilipatikana stakabadhi ya saa ya marehemu iliyowekwa rehani. Ungesema kesi imekwisha, lakini mashahidi walipofika mbele ya hakimu wakasahau kila kitu, na majambazi wakaenda zao nyumbani.

Tangu hapo Petrosino hakuchoka kuwaambia wakubwa kwamba ghasia hizi haziwezi kuzimwa na askari wasiojua lugha ya watu. Mwaka 1904 alikubaliwa kuunda kikosi cha makachero wa Kitaliano, watu watano tu pamoja naye. Watu watano kwa jiji ambalo Wataliano wake walikuwa wakielekea laki tano! Hata hivyo walifanya kazi kubwa, na mwaka 1907 Petrosino alimkamata Enrico Alfano, mkubwa wa majambazi wa Napoli aliyekuwa amejificha New York, akarudishwa kwao kushtakiwa.

Alikuwa amekaribia miaka hamsini alipomwoa Adelina, binti wa mwenye mkahawa alimozoea kula chakula cha jioni. Mwezi Novemba mwaka 1908 wakapata mtoto wa kike. Miezi miwili na ushei baadaye akaambiwa afunge safari.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mwaka 1907 Marekani ilipitisha sheria kwamba mhamiaji aliyekuwa na hatia kwao anaweza kufukuzwa, mradi hajatimiza miaka mitatu nchini. Ushahidi ulikuwa katika mafaili ya mahakama za Italia. Anayeweza kuyasoma, kuyanakili na kuyalinganisha na sura alizozijua mitaani New York alikuwa mmoja tu. Kamishna wa polisi, Theodore Bingham, akamtuma kwa siri. Petrosino alipanda meli tarehe 9 Februari mwaka 1909 akitumia jina la uongo. Yasemekana wakubwa wengine waliambiwa kwamba yu mgonjwa, amepumzika.

Na sasa nakuomba, msomaji, uangalie tarehe. Petrosino alishuka bandarini Genoa tarehe 21 Februari. Jana yake, tarehe 20, gazeti la New York Herald lilikuwa limekwisha kuandika kwamba amekwenda Italia, na kazi aliyoiendea. Habari ilitoka kwa nani? Ilitoka kwa Kamishna Bingham mwenyewe, aliyekuwa akiwasimulia waandishi habari za kikosi chake kipya cha siri, akajisahau akadokeza. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Sisi wa kalamu nasi tusijitoe kimasomaso, kwa kuwa habari hiyo ililetwa na mkubwa, lakini iliyoichapa ni mikono ya wenzetu.

Petrosino alifika Palermo, katika kisiwa cha Sicily, tarehe 28 Februari, akapanga chumba katika hoteli moja kwenye uwanja wa Marina. Mkuu wa polisi wa Palermo alimwona, akataka kumpa askari wa kumlinda. Petrosino alikataa, kwa kuwa hakumwamini polisi wa huko, akihofu wamejaa watu wa mafia. Siwezi kumlaumu kwa hofu hiyo. Lakini kukaa peke yake, akila mkahawa ule ule, katika mji ambao habari zake zilikwisha kutangulia, ni jambo ambalo yeye mwenyewe angemkemea kijana wa kikosi chake kama angelifanya.

Ijumaa, tarehe 12 Machi, alikula chakula cha usiku mkahawani, akalipa, akatoka. Ilikuwa yapata saa tatu kasoro robo. Alipita kando ya ua wa chuma wa bustani ya Garibaldi kuelekea hotelini, na hapo akapigwa risasi. Pale karibu palikuwa na kituo cha tramu, na watu wakiisubiri. Baharia mmoja wa meli ya kivita ndiye aliyekimbilia milio ile. Wengine walitawanyika, na walipohojiwa hawakuwa wameona wala kusikia. Bastola ya Petrosino ilikutwa hotelini, ndani ya mizigo yake.

Katika daftari lake alikuwa ameandika jina la Vito Cascio Ferro, mtu aliyepata kuishi New York, akatoroka baada ya ile kesi ya pipa. Mtu huyo alikamatwa. Mbunge mmoja akajitokeza kusema kwamba usiku wa mauaji Cascio Ferro alikuwa mgeni nyumbani kwake, mbali na Palermo. Akaachiliwa, na wenzake nao wakaachiliwa. Hakuna mtu hata mmoja aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji yale. Cascio Ferro alikuja kufungwa mwaka 1930, enzi za Mussolini, kwa mauaji mengine, akafia gerezani.

Bingham alifukuzwa kazi na meya mwezi Julai mwaka ule ule wa 1909, kwa jambo lingine kabisa. Makachero wawili walipelekwa Italia kumalizia kazi ya marehemu, wakarudi na mamia ya vyeti vya makosa. Lakini wakubwa wapya hawakuwa na hamu navyo, miaka mitatu ya kila mhamiaji ikawa inapita huku vyeti vikikaa, na wengi waliotakiwa kufukuzwa wakabaki.

Kiwanja kidogo cha pembe tatu, karibu na mitaa aliyoishi, kilipewa jina lake mwaka 1987. Kisha mwaka 2014, zaidi ya miaka mia moja baada ya mauaji, polisi wa Palermo waliokuwa wakinasa mazungumzo ya watu walioshukiwa kuwa wa mafia walimsikia mmoja wao akijigamba mbele ya wenzake. Alikuwa akisema kwamba ami wa babake, Paolo Palazzotto, ndiye aliyemuua Petrosino, kwa amri ya Cascio Ferro. Palazzotto huyo alikuwa mmoja wa wale waliokamatwa mwaka 1909, wakaachiliwa kwa kukosekana wa kuwatolea ushahidi.