Cliff Burton: Gwiji wa besi aliyevuma kwa pedali chache

KATIKA bendi nyingi za roki, mpigaji gitaa la besi ni kama msingi wa nyumba. Wote humtegemea, lakini ni wachache wanaosimama kumtazama.

Clifford Lee Burton, aliyekuwa mpigaji besi wa bendi ya Metallica ya Marekani, aliigeuza hali hiyo katika muda usiotimia miaka minne. Alifanya hivyo kwa vidole vyake, kwa elimu ya muziki aliyoitafuta kwa bidii, na kwa visanduku vichache vya umeme alivyovikanyaga kwa mguu jukwaani.

Burton alizaliwa mnamo Februari 10, 1962 na kulelewa Castro Valley, mji ulioko katika jimbo la California, karibu na San Francisco. Alikuwa kitinda mimba wa Ray na Jan Burton. Mamake alikuwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu.

Alianza kufundishwa piano angali mdogo, na kupitia ala hiyo akapata kufahamu muziki wa kale wa Ulaya, hasa kazi za Johann Sebastian Bach. Mapenzi hayo ya Bach hayakumtoka hata alipojitosa katika muziki wa metali, ambao wazee wengi wa wakati huo waliuona kuwa kelele tupu.

Msiba ndio uliompa mwelekeo. Mnamo 1975, kakake Scott aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 16 baada ya mshipa wa damu kupasuka ubongoni. Cliff, aliyekuwa na miaka 13, aliwaeleza wazazi wake kwamba angejitahidi kuwa mpigaji besi bora kabisa kwa ajili ya nduguye.

Kuanzia hapo alifanya mazoezi kati ya saa nne na sita kila siku, desturi aliyoendelea nayo hata baada ya kupata umaarufu. Alitafuta walimu wa besi, na alipoona kwamba mmoja hana jipya la kumfunza, alimtafuta mwingine.

Akiwa mwanafunzi wa shule ya upili ya Castro Valley, alijiunga na bendi ya vijana iliyoitwa EZ-Street. Wawili kati ya wenzake wa siku hizo, mpigaji gitaa Jim Martin na mpigaji ngoma Mike Bordin, walikuja kutamba baadaye na bendi ya Faith No More.

Alipomaliza shule aliingia chuo cha Chabot kilichoko Hayward, ambako yeye na Martin waliunda bendi ya Agents of Misfortune. Video ya bendi hiyo iliyopigwa mwaka wa 1981 inamwonyesha Burton akicheza vipande ambavyo miaka michache baadaye vilisikika katika albamu za Metallica.

Wazazi wake waliafikiana naye kuhusu ndoto hiyo. Wangemgharimia malazi na chakula kwa miaka minne, lakini kama kufikia hapo hakungekuwa na dalili za mafanikio, angetafuta kazi nyingine ya kumpatia riziki.

Ni katika miaka hiyo ya kujitafuta ambapo Burton alianza kuchagua vyombo vilivyompa sauti yake. Pedali za kubadili sauti huwekwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye nyuzi hupita ndani ya pedali, yakageuzwa, kisha yakaendelea hadi kwenye spika.

Zipo zinazokwaruza sauti, zinazoirudisha kama mwangwi, na zinazoifungua na kuifunga kama kinywa cha mtu anayetamka wa-wa. Wakati huo pedali nyingi zilikuwa zimebuniwa kwa ajili ya gitaa la kawaida, na wapigaji besi wengi waliziepuka.

Walikuwa na sababu. Uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne hutoa sauti ya takriban mitetemo 41 kwa sekunde. Pedali nyingi za kukwaruza hupunguza sauti hizo nzito na kuinua zile nyembamba. Mpigaji besi anayeikanyaga bila kufikiri huweza kusikika vyema akiwa peke yake chumbani, kisha akamezwa kabisa pindi ngoma na magitaa mengine yanapoanza.

Burton alichagua Morley Power Wah Fuzz, pedali kubwa ya chuma king'aacho iliyotengenezwa katika miaka ya 1970 na kampuni ya Tel-Ray ya California. Ndani yake mlikuwa na sauti mbili, ile ya wa-wa na ile ya kukwaruza, na angeweza kuzitumia pamoja au moja moja. Alitumia pia Big Muff, pedali ya kukwaruza ya kampuni ya Electro-Harmonix ya New York.

Utendakazi wa Morley ulikuwa wa kipekee. Pedali nyingi za wa-wa huzungusha kifaa cha kubadilisha ukinzani wa umeme ambacho huchakaa kadiri kinavyotumika. Katika Morley, mguu ulisogeza kizuizi kati ya balbu ndogo na kifaa kinachohisi mwanga. Mwanga ulipoongezeka au kupungua, sauti nayo ilibadilika, na kwa kuwa hakuna sehemu zilizosuguana hapo, hakukuwa na cha kuchakaa upesi.

Balbu hiyo na saketi zake zilihitaji umeme wa kutosha. Kwa hivyo, pedali hizo za zamani hazikutegemea betri ndogo ya volti 9 kama nyingi za wakati wake. Zilikuwa na waya uliochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Faida yake ni kwamba msanii hakuhofia betri kuisha katikati ya onyesho. Hasara ni kwamba pedali iliyoundwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 haiwezi kuchomekwa Ulaya bila transfoma, maana huko umeme wa majumbani ni karibu mara mbili ya huo. Ingeweza kuungua.

Mnamo 1982, Burton alikuwa katika bendi ya Trauma. James Hetfield na Lars Ulrich wa Metallica walikwenda kuitazama katika ukumbi wa Whisky a Go Go, mjini West Hollywood. Walisikia mchezo wa gitaa uliowashangaza na wakaanza kumtafuta mpigaji. Walipoangalia vizuri, waligundua kwamba sauti hiyo ilitoka kwenye besi, na kwamba aliyekuwa akiipiga ni kijana mwenye nywele ndefu, mguu wake ukiwa juu ya pedali ya wa-wa.

Walimwomba ajiunge nao kuchukua nafasi ya Ron McGovney. Burton alikubali kwa sharti moja: hakuwa tayari kuhamia Los Angeles, hivyo bendi ndiyo ingehamia kwao. Mapema mwaka wa 1983 Metallica ilifunga virago na kwenda eneo la San Francisco. Onyesho lake la kwanza na bendi hiyo lilifanyika Machi 5, 1983 katika ukumbi wa The Stone.

Albamu ya kwanza, Kill 'Em All, ilitolewa Julai 1983. Ndani yake mna kibao kiitwacho (Anesthesia) Pulling Teeth, ambacho kwa sehemu kubwa ni besi ya Burton peke yake kabla ya ngoma za Ulrich kuingia. Ni nadra bendi changa kumwachia mpigaji besi zaidi ya dakika nne za albamu yake ya kwanza.

Mwaka uliofuata bendi ilirekodi Ride the Lightning katika studio za Sweet Silence, jijini Copenhagen, Denmark. Kibao For Whom the Bell Tolls, kilichopata jina lake kutokana na riwaya ya Ernest Hemingway ya mwaka wa 1940, huanza kwa sauti kali yenye mikwaruzo ambayo wasikilizaji wengi hudhani ni gitaa la kawaida. Ni besi ya Burton iliyopigwa juu ya shingo ya ala na kupitishwa katika pedali.

Aliijua pia nafasi ya kunyamaza. Sehemu kubwa ya nyimbo alizipiga bila mbwembwe, akishirikiana na ngoma kuubeba muziki, na pedali akaziweka akiba kwa pale zilipohitajika. Alipiga kwa vidole, tofauti na wapigaji besi wengi wa muziki huo waliotumia kibao kidogo cha kukwangulia nyuzi. Jukwaani alivaa suruali za bugaluu zilizokuwa zimepitwa na wakati, na hakujali aliyemcheka.

Wenzake walimtambua kuwa ndiye aliyeijua nadharia ya muziki kuwashinda wote. Mchango wake ulidhihirika zaidi katika Master of Puppets, albamu iliyotolewa Machi 3, 1986. Kibao Orion, kisicho na maneno, kina sehemu tulivu ya katikati inayobebwa na besi yake. Albamu hiyo ilikuja kuwa ya kwanza ya muziki wa aina hiyo kuingizwa katika hifadhi ya kitaifa ya rekodi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, uteuzi uliotangazwa mwaka wa 2016.

Burton hakupata kuyaona hayo. Usiku wa Septemba 26, 1986, Metallica ilitumbuiza Solna, karibu na Stockholm, Uswidi, kisha ikaanza safari ya basi kuelekea Copenhagen. Yeye na mpigaji gitaa Kirk Hammett walichota karata ili kuamua nani angelala kitanda kipi. Burton alitoa ree ya shupaza, akachagua kitanda cha Hammett.

Alfajiri ya Septemba 27, karibu na kijiji cha Dörarp, basi hilo lilipoteza mwelekeo na kupinduka. Burton alirushwa nje kupitia dirishani na basi likamwangukia. Alikuwa na umri wa miaka 24. Dereva alisema kulikuwa na barafu barabarani, maelezo ambayo Hetfield aliyatilia shaka, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho.

Mwili wake uliteketezwa na majivu kutawanywa, huku Orion ikichezwa katika ibada ya kumuaga. Jason Newsted aliichukua nafasi yake kabla ya mwaka huo kuisha. Jan Burton alifariki mwaka wa 1993. Ray aliishi kushuhudia mwanawe akiingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa roki mnamo Aprili 2009, na alipanda jukwaani na bendi siku hiyo. Mirabaha ya mwanawe aliielekeza katika ufadhili wa masomo ya muziki kwa wanafunzi wa shule ya Castro Valley. Ray aliaga dunia Januari 2020.

Mwaka huo huo, kampuni ya Morley ilitoa toleo jipya la pedali aliyoitumia Burton. Umbo lake ni dogo, bado linatumia mwanga badala ya kifaa kinachosuguana, na sasa hupokea umeme wa volti 9 kama pedali nyingine za kisasa.

Vijana wanaomuiga leo huweza kupanga pedali kumi kwenye ubao mmoja, na hapo suala la umeme hurudi kwa sura nyingine. Pedali ya kawaida ya kukwaruza huhitaji mkondo mdogo, mara nyingi chini ya miliampia 20, ilhali ya kidijitali huweza kutaka 100 hadi 300. Jumla ya mahitaji hayo isipite uwezo wa kigawa umeme. Volti na mpangilio wa chanya na hasi navyo sharti vilingane na maandishi yaliyo kwenye kila pedali, la sivyo chombo huharibika.

Aidha, pedali nyingi zikiunganishwa kwa waya mmoja wa umeme, mara nyingi huleta mvumo unaosikika kwenye spika, hasa zile za kukwaruza zinapochanganywa na za kidijitali. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza kigawa umeme ambacho kila tundu lake limetengwa na jingine. Wengi pia hugawa sauti ya besi njia mbili, moja ikapita kwenye pedali na nyingine ikabaki safi, ili uzito wa besi usipotee.

Vifaa vya namna hiyo vilikuwa haba siku za Burton. Alikuwa na pedali zisizozidi vidole vya mkono mmoja, akajua kila moja inafanya nini, na akaikanyaga pale tu wimbo ulipoiita. Albamu tatu alizoziacha zingali zinafunzwa na kuigwa na wapigaji besi ambao hawakuwa wamezaliwa basi lile lilipopinduka.