Charles Darwin na gesi iliyomtesa tumboni kwa zaidi ya miaka 25

Ukimtaja Charles Darwin, watu wengi hukumbuka nyani na mabishano ya darasani. Nadharia yake nawaachia walimu wa baiolojia. Leo nazungumzia tumbo lake, kwa sababu karibu kila wiki napata mgonjwa ambaye huanza kwa kuniambia kichwa kinamuuma, kisha mgongo, na anapoinuka kuondoka, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango, ndipo anasema: daktari, na tumbo pia linajaa gesi. Kumbe ndilo lililomleta. Darwin hakuficha. Aliliandika tatizo lake siku baada ya siku, na ndiyo maana tunalijua hadi leo.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza, mtoto wa daktari. Baba yake alitaka naye awe daktari, akampeleka Edinburgh mwaka 1825. Enzi hizo hapakuwa na dawa ya usingizi, na kijana yule hakuweza kuvumilia kutazama watu wakipasuliwa wakiwa macho. Akaacha udaktari, akaenda Cambridge. Desemba 1831 alipanda meli iitwayo Beagle, akazunguka dunia kwa karibu miaka mitano. Baharini alitapika sana kwa kichefuchefu cha mawimbi, lakini nchi kavu alikuwa mtu wa nguvu: alipanda milima ya Amerika ya Kusini, alisafiri kwa farasi siku nyingi, alilala nje.

Mambo yalibadilika baada ya kurudi nyumbani. Januari 1839 alimuoa binamu yake, Emma Wedgwood, na mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Downe, mkoa wa Kent. Katika miaka ile tumbo lilianza kumtawala. Saa chache baada ya kula, lilijaa hewa. Usiku gesi ilimwamsha mara kadhaa. Kulikuwa na vipindi vya kutapika maji makali yenye asidi, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma na vipele vya ngozi. Wageni walipomtembelea, alizungumza nao muda mfupi, kisha akaomba radhi na kwenda kulala. Baba yake alipofariki mwishoni mwa mwaka 1848, Darwin alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kushiriki mazishi ipasavyo. Mwaka 1865, akimweleza daktari mmoja historia yake, alihesabu miaka 25 ya gesi ya mchana na usiku. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Gesi hiyo hutoka wapi? Ina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni hewa tunayoimeza wenyewe: kula haraka, kuongea huku unatafuna, kunywa soda, kutafuna bigijii kutwa. Sehemu kubwa ya hewa hii hutoka kwa kubeua. Njia ya pili ni utumbo mpana. Huko wanaishi bakteria wengi mno, na chakula ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukimeng'enya kikiwafikia, wanakichachusha kama pombe inavyochachuka kwenye mtungi. Matokeo yake ni gesi. Maharage, choroko, kunde, kabichi na vitunguu vina sukari za aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuivunja, hivyo huenda moja kwa moja kwa bakteria hao. Kujamba kati ya mara 10 na 20 kwa siku ni kawaida kwa mtu mwenye afya. Nawaambia hivi wagonjwa wangu na wengine huondoka wakiwa wamepona papo hapo. Lakini tumbo linalovimba, kuuma na kukunyima usingizi kila siku linahitaji kutafutiwa sababu.

Darwin alitafuta sana. Alipewa bismathi. Alivaa mikanda ya shaba na zinki iliyoloweshwa siki ili kupitisha umeme mwilini. Daktari mwingine alimwekea mifuko ya barafu kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1849 aliihamisha familia nzima kwenda Malvern, kwa Dkt. James Gully, aliyetibu watu kwa maji baridi. Darwin aliamshwa alfajiri, akasuguliwa kwa maji ya baridi, akafungwa nguo mbichi tumboni, akatembea. Pia alikatazwa sukari, siagi, viungo na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Na akapata nafuu kweli. Aliporudi nyumbani alijenga kibanda cha kuogea maji baridi na kuendelea.

Kuanzia mwaka huo hadi Januari 1855 aliweka daftari la afya yake. Kila siku aliandika hali yake, na usiku ulipokuwa na gesi, aliandika imemshika mara ngapi. Hapa mimi, kama daktari, namvulia kofia. Tatizo ni kwamba huko Malvern alibadili mambo yote kwa pamoja: chakula, usingizi, mazoezi, kazi na maji. Alipopata nafuu hakuweza kujua ni kipi kilichomsaidia. Akayapa sifa maji. Miye ningeanza kwa kukitazama chakula.

Malvern hiyo hiyo ilimpa msiba mkubwa kuliko wote. Mwaka 1851 binti yake Annie, mwenye umri wa miaka 10, alianza kutapika na kupata homa. Darwin alimpeleka kwa daktari yule aliyemsaidia yeye. Alikaa kando ya kitanda chake siku kadhaa, na tarehe 23 Aprili mtoto alifariki. Emma alibaki nyumbani akiwa mjamzito wa kukaribia kujifungua. Watoto wao walikuwa kumi, na watatu walifariki wangali wadogo. Darwin aliishi na hofu kwamba tumbo lake bovu, na kule kuoana binamu kwa binamu, kumewarithisha watoto udhaifu. Mzazi aliyewahi kumbeba mtoto anayetapika usiku ataielewa hofu hiyo.

Madaktari wamebishana kuhusu ugonjwa wake kwa zaidi ya miaka mia. Wapo wanaosema ni wasiwasi, wapo wanaosema ni vimelea kutoka kwa mdudu mnyonya damu aliyemuuma Argentina. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Cardiff, Wales, walikuja na hoja ya jikoni: maziwa. Kitabu cha mapishi cha Emma kimehifadhiwa, na kimejaa vyakula vitamu vilivyopikwa kwa maziwa, malai, siagi na mayai. Darwin alipenda vitu vitamu kama mtoto. Dalili zake zilikuja saa chache baada ya kula, muda ambao sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, huwa imefika kwa bakteria wa utumbo mpana ikiwa mwili hauna kimeng'enya cha kuivunja. Haijathibitishwa, na haielezi dalili zake zote. Ila kwa upande wa gesi, inaniingia akilini.

Hapo kuna jambo linalotuhusu sisi. Karibu kila mtoto huzaliwa na uwezo wa kumeng'enya maziwa, na katika sehemu kubwa ya dunia uwezo huo hupungua kadiri mtu anavyokua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba katika jamii za wafugaji wengi wamerithi mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni, na mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu. Ng'ombe na vizazi vingi vya unywaji maziwa ndivyo vilivyoyaeneza. Mwenye nadharia angefurahi kulisikia hilo.

Kwa hiyo jirani yako anaweza kumaliza nusu lita ya maziwa bila shida, nawe kikombe kimoja kikakuvimbisha. Niliwahi kumhudumia mwalimu aliyetumia dawa za vidonda vya tumbo kwa miaka miwili. Nilimwomba aandike kila anachokula kwa siku kumi na nne. Alikunywa chai ya maziwa vikombe vinne kila siku. Tuliacha maziwa tu, mengine yote yakabaki vilevile. Wiki ya pili alilala usiku kucha.

Ukitaka kujaribu, fanya hivyo: ondoa kitu kimoja, kwa wiki mbili, andika, kisha kirudishe uone. Usiondoe maziwa, ngano na maharage kwa siku moja, utaishia kama Darwin kule Malvern. Wengi wenye shida ya maziwa huvumilia mtindi au kiasi kidogo pamoja na chakula. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Tafuna polepole. Tembea baada ya kula. Darwin alikuwa na njia yake ya kutembea nyuma ya nyumba, akiizunguka kila siku, na mwendo husaidia gesi kusogea. Kama choo ni kigumu, tibu hicho kwanza, kwa maji na mboga, maana choo kikikaa na gesi hukaa. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Mnanaa hulegeza misuli ya utumbo, lakini wenye kiungulia unaweza kuwazidishia.

Kwa watoto wachanga, tafadhali, msiige haya. Mtoto wa chini ya miezi sita anayelia jioni huku akikunja miguu hahitaji maji ya mizizi wala dawa ya chango ya kienyeji. Mbebe wima baada ya kunyonya mpaka abeue, hakikisha ameshika chuchu vizuri ili asimeze hewa, na usimwachishe ziwa. Maziwa ya mama yana laktosi na ni salama kwake. Mtoto mkubwa aliyetoka kuharisha anaweza kusumbuliwa na maziwa kwa siku kadhaa, na kwa kawaida hali hurudi.

Nenda hospitali bila kusubiri wiki mbili ikiwa unapungua uzito bila sababu, una damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, unatapika mara kwa mara, una homa, au huwezi kupata choo wala kutoa gesi. Mwanamke aliyefika miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa hivi karibuni apimwe na ovari. Mtoto mwenye tumbo gumu anayetapika majimaji ya kijani apelekwe saa hiyo hiyo.

Darwin aliendelea kufanya kazi katikati ya hayo yote. Kitabu chake maarufu kilitoka tarehe 24 Novemba 1859 yeye akiwa kwenye tiba ya maji tena, kaskazini mwa Uingereza. Katikati ya miaka ya 1860 Dkt. Henry Bence Jones alimpunguzia chakula sana na kumhimiza kupanda farasi, akapata nafuu. Uzeeni tumbo lilimpa amani zaidi kuliko ujanani. Mwaka 1881 alitoa kitabu cha mwisho, kuhusu nyungunyungu na jinsi wanavyomeng'enya udongo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Downe tarehe 19 Aprili 1882, Emma akiwa kando yake.