Takahashi: mtumishi wa ndani aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani

Kila ninapopita mpakani nawakuta wafanyabiashara wakiulizia kama sarafu imepanda au imeshuka, kabla hata ya salamu. Ndipo humkumbuka Mjapani mmoja, Takahashi Korekiyo. Nanyi mliorejea nyumbani na mfuko mmoja begani, kisa hiki ni chenu pia.

Alizaliwa mwaka 1854 mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Alikuwa mtoto wa nje ya ndoa, akapewa askari wa cheo cha chini amlee. Mwaka 1867, akiwa na miaka 13 hivi, alipelekwa Marekani kusoma. Huko California aliwekewa karatasi, akatia saini bila kuielewa. Kumbe alikuwa amejifunga utumishi wa nyumbani! Alijinasua, akarudi kwao mwaka 1868. Mali yake ilikuwa Kiingereza tu.

Alifundisha, kisha akaongoza ofisi ya kusajili uvumbuzi. Mwaka 1889 aliiacha kazi hiyo akaenda Peru kuchimba madini ya fedha, lakini mgodi ulikuwa umekwisha. Akarudi mara ya pili, amefilisika. Mwaka 1892 alianza upya Benki Kuu, akisimamia ujenzi wa jengo lake. Hakuona haya.

Japani ilipopigana na Urusi mwaka 1904, yeye ndiye aliyetumwa London na New York kutafuta mikopo, na akaipata. Aliyewahi kuwa mtumishi Marekani sasa alikaa meza moja na matajiri wake.

Novemba 1921 Waziri Mkuu Hara aliuawa, Takahashi akashika nafasi yake. Nasema wazi kwamba hapo hakung'ara. Chama chake kiligombana ndani kwa ndani, na Juni 1922 akaondoka. Mwaka 1924 aliacha cheo chake cha ukabaila ili agombee ubunge kama raia wa kawaida, akashinda kwa kura chache.

Sifa yake kubwa ni Wizara ya Fedha. Mwaka 1927 watu walipokimbilia benki kutoa akiba, alisimamisha malipo kwa wiki tatu. Noti zilichapwa haraka upande mmoja tu, zikarundikwa kaunta ili wateja wazione. Hofu ikaisha.

Desemba 1931 aliitenga yeni na dhahabu. Yeni 100, zilizokuwa zikipata takriban dola 50, mwishoni mwa 1932 zilipata takriban dola 20. Bidhaa za Japani zikawa rahisi ng'ambo, viwanda vikafufuka. Hata huku kwetu, katika miaka ya 1930, majora ya vitambaa vya Japani yalijaa madukani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mikataba ya bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kupendelea vitambaa vyao kwa ushuru.

Serikali nayo ilikopa kutoka Benki Kuu ili kuzungusha fedha. Lakini Takahashi alijua kwamba mkopo una kikomo. Uchumi ulipoinuka, alitaka kufunga mfuko, na aliyekuwa akila zaidi ni jeshi. Akawabana majenerali katika bajeti, ingawa Waziri Mkuu Inukai alikuwa ameuawa na maofisa vijana mwaka 1932.

Alfajiri ya Februari 26, 1936, maofisa waasi waliingia nyumbani kwake Tokyo, wakamuua kitandani. Alikuwa na miaka 81. Waziri aliyemfuata alipandisha bajeti ya jeshi, mwaka uliofuata vita na China vikawaka, na vita vilipokwisha mwaka 1945 yeni ilikuwa ikipoteza thamani kwa kasi.

Wengi humsifu kwa kufungua mfuko wa serikali. Mimi namheshimu zaidi kwa kujaribu kuufunga, akijua wenye bunduki hawatapenda. Kila mfanyabiashara anajua kukopa. Kazi ni kujua siku ya kuacha.