Mapera, Mwalimu wa Walimu wa Buganda

Kaskazini mwa nchi ya Ufaransa, karibu na mji wa Arras, kuna kijiji kiitwacho Dury. Humo alizaliwa Siméon Lourdel, tarehe 20 Desemba 1853, katika nyumba ya wakulima. Hakuna jirani aliyedhani ya kuwa jina la mtoto yule litatajwa siku moja kando ya ziwa kubwa la Afrika. Alipokua alitamani upadri. Siku zile Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers alikuwa akikusanya vijana wa kupeleka Injili katika Afrika, naye Lourdel akajiunga na shirika lake, ndilo la Mapadri Weupe. Mwaka 1877 alipewa daraja takatifu la upadri. Alikuwa mtu wa moyo wa moto, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kutenda. Mungu alikuwa na kazi kwa moto ule, lakini kwanza ilimpasa Lourdel kujifunza saburi.

Mwaka 1878 wamisionari kumi wa shirika hilo walishika safari ya kwanza kwenda katikati ya Afrika. Mwezi wa Juni waliondoka Bagamoyo kwa miguu, pamoja na wapagazi wengi. Njiani walipata homa, na kila nchi walimopita walidaiwa hongo za nguo na shanga. Padri Pascal alikufa kabla hawajafika, akazikwa porini. Katika nchi ya Tabora msafara uligawanyika. Wengine walielekea Ujiji na ziwa Tanganyika. Na kwa njia hiyo Mapadri walivuka ziwa wakaingia Kongo, hata mwaka 1885 wakakabidhiwa kituo cha Mpala. Wengine, na Lourdel kati yao, walielekea kaskazini, kwenye ziwa Nyanza. Basi Wakristu wa Mpala na Wakristu wa Buganda waliletewa habari njema na watu wa msafara mmoja.

Lourdel hakungoja. Pamoja na Bruda Amans alipanda chombo kidogo, akavuka ziwa, na tarehe 17 Februari 1879 wakatia mguu pwani ya Buganda, mahali paitwapo Kigungu, karibu na Entebbe. Mutesa, mfalme wa nchi, aliyeitwa Kabaka, aliwapokea, kisha akatuma mitumbwi kuwachukua wenzao waliobaki kusini ya ziwa. Baganda waliwasikia wageni wakimwita padri kwa lugha ya Kifaransa, nao wakayageuza maneno yale kwa ulimi wao, wakamwita Lourdel Mapera. Jina hilo lilimkaa mpaka kufa.

Katika baraza la Mutesa walikuwapo Waarabu Waislamu, na walimu Waprotestanti waliotoka Uingereza, na kila mmoja alitaka kusikilizwa. Lakini kazi kubwa ya Mapera haikufanyika barazani. Ilifanyika katika nyumba ya misioni, mbele ya watu wachache waliokuja kujifunza: vijana watumishi wa mfalme, mafundi, askari, na watu wenye madaraka katika majimbo. Aliwafundisha sala, Kanuni ya Imani, amri za Mungu na habari za Bwana wetu Yesu Kristu. Wagonjwa aliwapa dawa. Wa kwanza walibatizwa Jumamosi Kuu ya mwaka 1880.

Kisha ikaja amri ya Lavigerie. Mtu asibatizwe upesi upesi. Akae miaka miwili akijifunza mambo ya kwanza ya dini, na miaka miwili tena awe mkatekumeni kamili. Ndiyo miaka minne. Wengi waliona kuwa muda huo ni mrefu mno. Labda Mapera mwenyewe, kwa moyo wake wa haraka, aliuona hivyo. Lakini miaka ile haikuwa ya kungoja bure. Ilikuwa ya kutia mizizi, nayo tufani ilikuwa karibu.

Kati ya wanafunzi wake walikuwa watu watatu wanaostahili kukumbukwa. Wa kwanza ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa nyumba ya mfalme, aliyejua kuuguza wagonjwa. Wa pili ni Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme. Hao wawili walibatizwa siku moja, tarehe 30 Aprili 1882. Wa tatu ni Matiya Kalemba, msaidizi wa chifu wa jimbo la Singo. Huyu alikuwa mtu aliyetafuta ukweli kwa muda mrefu: alianza kwa Waislamu, akaenda kwa Waprotestanti, mwisho akaja kwa Mapadri. Alibatizwa siku ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882, pamoja na mwenzake Luka Banabakintu. Matiya na Luka walikaa Mityana, zaidi ya kilomita 60 kutoka misioni. Waliyopokea kwa Mapadri hawakuyafungia moyoni kama fedha katika kisanduku. Waliwapa jirani zao, na nyumba zao zikawa nyumba za mafundisho.

Mwezi wa Novemba 1882 mambo yaliharibika. Mapadri waliona hatari juu yao na juu ya watoto waliowakomboa utumwani na kuwalea. Wakaamua kuondoka, wakavuka ziwa wakaenda Bukumbi, upande wa kusini. Mapera akawaacha wanafunzi wake bila Misa, bila kitubio, bila padri hata mmoja. Wakristu walikuwa wachache, tena ubatizo wao ulikuwa mchanga. Mtu wa nje angalisema kwamba moto ule utazimika kabla ya mwaka kwisha.

Karibu miaka mitatu ikapita. Mutesa akafa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga, aliyewahi kufika kwa Mapadri alipokuwa kijana, akatawala. Mwanga akawaita warudi. Mwezi wa Julai 1885 Mapera akatia mguu tena Buganda, naye hakukuta majivu. Katika nyumba ya mfalme Yosefu Mukasa alikuwa amewakusanya vijana, akawafundisha sala na usafi wa moyo. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake. Kule Mityana, Matiya na Luka walikuwa na jamii nzima ya wasali. Wakati wa magonjwa walikuwa wamewauguza watu, na waliokaribia kufa waliwabatiza, kama walivyofundishwa. Padri mgeni alikuwa ameondoka, lakini mafundisho hayakuondoka. Wakatekumeni sasa walikuwa wengi kuliko walipoachwa.

Furaha ile haikudumu. Mwanga aliogopa Wazungu waliokaribia nchi yake, tena alichukia kwamba vijana Wakristu walikataa kutenda dhambi pamoja naye. Mwezi wa Oktoba 1885 askofu Mwingereza Hannington aliuawa kwa amri yake. Yosefu Mukasa akathubutu kumwonya mfalme juu ya damu hiyo, na tarehe 15 Novemba yeye naye akauawa. Alikufa akiwasamehe waliomwua. Mfalme alidhani kwamba akikatwa kichwa cha wasali, mwili utatawanyika. Lakini usiku ule ule vijana walikwenda misioni kuomba ubatizo, na mmoja wao alikuwa Karoli Lwanga. Huyo ndiye aliyeshika kazi ya Yosefu, akawaongoza vijana wa mfalme.

Mwezi wa Mei 1886 hasira ya Mwanga iliwaka. Alikuwa akikaa Munyonyo, kando ya ziwa. Usiku, kabla ya hukumu, Karoli Lwanga alijua kwamba hawawezi kumfikia padri. Basi akachukua maji, akawabatiza mwenyewe wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, na kati yao Kizito, kijana wa miaka kama 14. Asubuhi wakaitwa mbele ya mfalme, wakaulizwa kama wanaendelea kusali. Walikiri wote, wakafungwa kamba.

Siku hiyo Mapera alikuja mbio Munyonyo kutaka kuwaombea. Hakuruhusiwa kumwona mfalme. Akasimama penye ua, na wanafunzi wake wakapitishwa mbele yake wamefungwa, wadogo kwa wakubwa. Hakuweza kuwapa mkono wala kusema nao. Yakobo Buzabaliawo, alipopita, aliinua mikono yake iliyofungwa, akaonyesha mbinguni. Padri aliyewafundisha njia ya mbinguni sasa alionyeshwa njia hiyo na mwanafunzi wake. Katika maisha yake yote Mapera hakupata saa chungu kuliko hiyo, wala saa yenye utukufu kuliko hiyo.

Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei. Matiya Kalemba alikatwa viungo akaachwa peke yake kilimani, akafa polepole kwa muda wa siku kadhaa. Kule Mityana aliuawa Noa Mawaggali, mfinyanzi. Dada yake Munaku, aliyekuwa mkatekumeni, alikamatwa lakini hakuikana imani, na baadaye alibatizwa kwa jina la Matilda. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, Karoli Lwanga na wenzake, na Luka Banabakintu kati yao, walichomwa moto Namugongo. Waprotestanti pia walikufa pamoja nao kwa ajili ya jina la Kristu. Wakatoliki waliouawa tangu Novemba 1885 mpaka Januari 1887, ambao Kanisa limewaandika kati ya watakatifu, ni 22.

Mapera alibaki akifundisha kwa siri, usiku, watu waliokuja wakijificha. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa, na Mapadri wakafukuzwa, wakarudi Bukumbi. Hapo Mungu alimpa Mapera jaribu la mwisho. Mwanga, sasa mkimbizi asiye na kiti wala askari, alikuja kuomba mahali pa kujificha katika misioni ya watu wale aliowaulia watoto wao wa kiroho. Mapadri walimfungulia mlango, wakampa chakula na malazi. Mapera aliyekuwa amefundisha kwa miaka mingi sala ya Baba Yetu, na ndani yake maneno ya kuwasamehe waliotukosea, alipaswa kuyatimiza mbele ya macho ya Wakristu wake. Akayatimiza.

Baada ya vita Mwanga alirudishwa katika ufalme, na Mapera alirudi Rubaga. Lakini nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Homa ilimshika, na tarehe 12 Mei 1890 akafa, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Alikuwa ameitumikia Afrika ya kati miaka 11, na katika miaka hiyo ilimbidi kuondoka Buganda mara mbili.

Mtu akihesabu kwa hesabu za dunia, ataona kazi ndogo: padri mmoja, misioni iliyofungwa mara kwa mara, wanafunzi waliouawa. Lakini tarehe 29 Juni 1913 Waganda wawili wa kwanza walipewa upadri. Mwaka 1917, ng'ambo ya Tanganyika, Stefano Kaoze alipadirishwa, akawa padri wa kwanza wa Kongo. Mwaka 1920 Papa Benedikto XV aliwatangaza wale mashahidi 22 kuwa wenye heri, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu. Mbegu iliyoonekana kuoza ilikuwa imeota.

Mambo hayo yana fundisho kwa kila mkatekumeni wa kijijini. Padri huja, akafundisha siku chache, kisha hufunga mzigo wake akaenda kijiji kingine. Hapo ndipo huonekana kama mafundisho yameingia moyoni au yameishia masikioni. Matiya Kalemba hakusubiri padri arudi ndipo asali na watu wake. Yosefu Mukasa hakusema kwamba kufundisha ni kazi ya wageni. Karoli Lwanga alijua kubatiza saa ya hatari kwa sababu alikuwa amejifunza vema siku za amani. Basi ninyi mnaojifunza sasa, shikeni sala zenu barabara, jueni namna ya kumbatiza anayekaribia kufa, na jioni, penye moto, mwelezeni mama mzee au mtoto mdogo neno mlilolisikia asubuhi. Mapera aliwaacha wanafunzi wake wachache kwa muda wa karibu miaka mitatu, na aliporudi aliwakuta wamekuwa walimu.