Marianne Plehn: Mwanamke aliyetafuta chanzo cha vifo vya samaki mabwawani

Marianne Plehn alizaliwa Prussia mwaka 1863. Enzi hizo vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa bado vimewafungia wanawake milango, hivyo akaenda kusoma elimu ya wanyama Zürich, Uswisi, na kupata shahada ya udaktari mwaka 1896.

Baadaye alifanya kazi Munich pamoja na Bruno Hofer, mtaalamu wa magonjwa ya samaki. Kazi yake ilikuwa kupasua samaki na kuwachunguza kwa hadubini. Mwaka 1912 alieleza kuvu wanaoishi ndani ya mishipa ya damu ya mashavu ya samaki. Mishipa ikiziba, mashavu hupata mabaka meupe, samaki hukosa hewa na kufa ndani ya siku chache. Ugonjwa huo hushamiri kwenye maji ya joto yenye uchafu unaooza.

Mwaka 1914 akawa mwanamke wa kwanza Bavaria kupewa cheo cha profesa. Alifariki mwaka 1946.

Msikilizaji, samaki wako wakifa ghafla, usikimbilie dawa. Funua mashavu ya aliyekufa sasa hivi. Yenye afya ni mekundu. Ukiona mabaka, acha kuweka mbolea, punguza chakula, mwite afisa uvuvi.