Stevens, mzaliwa wa Luanshya aliyefunza dunia soketi

Ukituma meseji, programu mbili huanza kuongea: klayenti kwenye simu yako na seva huko mbali. Kila moja hushika ncha yake ya mazungumzo. Ncha hiyo ndiyo soketi.

Soketi zilitoka Berkeley, Marekani, mwaka 1983. Shida ni kwamba wachache walijua kuzitumia. Aliyewafungulia wengine njia ni W. Richard Stevens, aliyezaliwa mwaka 1951 Luanshya, mji wa shaba katika Zambia ya leo.

Jamaa alisomea uhandisi wa ndege na vyombo vya angani, si kompyuta. Mwaka 1990 akatoa kitabu, UNIX Network Programming, chenye kodi unayoweza kujaribu mwenyewe. Seva inafungua soketi, inachukua namba ya poti, inasikiliza. Klayenti inapiga hodi kwenye namba hiyo, seva inaitikia. Zinapeana data, kisha kila moja inafunga soketi yake. Basi!

Stevens alifariki Septemba 1, 1999, akiwa na miaka 48 tu. Juzuu ya tatu ya toleo jipya hakuimaliza. Lakini hatua zile hazijabadilika: ukiandika seva yako ya kwanza leo, utazifuata hizo hizo.