Jalaram Bapa na Ghala la Virpur

Jalaram Bapa alizaliwa Virpur, katika Saurashtra ya Gujarat, mwaka 1799, kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa Kilohana. Biashara haikumkaa moyoni. Dukani kwa ami yake, bidhaa ziliishia mikononi mwa masadhu wapitao njia. Sisi tulioshinda na mizani umri wetu wote tungemfukuza siku ya pili.

Alipotimiza miaka 20 hivi, kwa baraka za guru wake, Bhoja Bhagat wa Fatehpur, alifungua sadavrat, mahali pa kulisha kila mwenye njaa bila kuuliza dini wala tabaka. Nafaka ilikuwa ujira wa kuvuna mashamba ya watu, yeye na mkewe Virbai. Ilipopunguka, Virbai aliuza mapambo yake.

Kisha, wazee wetu husimulia, sadhu mmoja mkongwe alimwomba Bapa ampe mkewe amtumikie. Hapa sisi husita kila tunaposimulia, maana nani kati yetu asingelalamika? Bapa alimwuliza Virbai, naye akaridhia, akamfuata mkongwe hadi msituni pasipo kunung'unika. Huko mkongwe alitoweka, akiacha fimbo na mkoba. Vitu hivyo vingali Virpur. Hekalu lake halipokei sadaka tangu mwaka 2000, na chakula bado hupakuliwa kila siku.